Chuo Kikuu cha Notre Dame: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutoka kwa wanafunzi wa kidato cha sita, wazazi wao, walimu wa seminari ndogo na wahadhiri vijana wanaotafuta pa kusomea shahada ya uzamivu. Wengi wamelisikia jina la Notre Dame kwenye televisheni ya michezo, au kwa padre aliyesoma huko, wakabaki na nusu ya habari. Wengine hudhani ni seminari. Wengine hudhani ni chuo cha kidunia ambacho dini imebaki kwenye jina tu. Si hiki wala si kile. Majibu hayalingani urefu, kwa sababu maswali hayalingani uzito.

Notre Dame ni chuo cha namna gani, na kiko wapi?

Ni chuo kikuu binafsi cha Kikatoliki nchini Marekani, katika jimbo la Indiana, kando ya mji wa South Bend, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka Chicago. Kina wanafunzi wapatao 13,000. Karibu 9,000 ni wa shahada ya kwanza, na waliobaki ni wa sheria, uzamili na uzamivu. Eneo lake linapita ekari 1,200, na ndani yake mna maziwa mawili, basilika, maabara, mabweni zaidi ya 30 na uwanja wa michezo unaoingiza watu zaidi ya 77,000.

Usikichanganye na kanisa kuu la Paris, wala na chuo cha Australia chenye jina kama hilo. Hivyo ni vitu vingine kabisa.

Nani alikianzisha?

Padre Edward Sorin, Mfaransa wa Shirika la Msalaba Mtakatifu. Shirika lenyewe lilikuwa bado changa, kwani Padre Basil Moreau alilianzisha mjini Le Mans mwaka 1837. Sorin alifika kwenye ardhi ile tarehe 26 Novemba 1842, akiwa na miaka 28, pamoja na mabruda wachache. Ilikuwa baridi kali na theluji. Askofu wa Vincennes alimpa ardhi kwa sharti kwamba ajenge chuo ndani ya miaka miwili. Tarehe 15 Januari 1844 bunge la Indiana likatoa hati ya kukitambua kama chuo kikuu, ingawa kwa miaka mingi kilikuwa pia shule ya watoto wadogo, sekondari na karakana za ufundi, vyote pamoja. Simulizi nyingi humtaja Sorin peke yake. Naona huo ni upungufu, kwa sababu mabruda ndio waliolima, waliofyatua matofali na waliofundisha ufundi, na bila wao pasingekuwa na chuo cha kusimulia.

Kuna habari ya zamani zaidi ambayo mtu anayependa chuo hiki anapaswa kuijua. Nchi ile ilikuwa ya Wapotawatomi. Mwaka 1830 kiongozi wao Leopold Pokagon alisafiri hadi Detroit kuomba padre, akapelekewa Stephen Badin, aliyekuwa padre wa kwanza kupewa daraja ndani ya Marekani. Badin ndiye aliyenunua ardhi kando ya ziwa. Miaka minane baadaye, mwaka 1838, serikali iliwafukuza Wapotawatomi wengi wa kaskazini mwa Indiana na kuwapeleka Kansas kwa miguu, wakilindwa na askari wenye bunduki. Zaidi ya watu 40 walifia njiani, wengi wao watoto. Padre kijana Benjamin Petit alisafiri nao, akaugua, akafariki mwanzoni mwa 1839 akiwa njiani kurudi. Baadaye Sorin aliyahamishia mabaki yake Notre Dame, na yamezikwa kwenye kikanisa cha magogo. Kundi la Pokagon lilifanikiwa kubaki, na wazao wao wako eneo hilo hadi leo.

Ni kweli kwamba kuna kuba la dhahabu?

Kweli. Liko juu ya Jumba Kuu, na juu ya kuba imesimama sanamu ya Bikira Maria yenye urefu wa zaidi ya mita tano. Dhahabu yenyewe ni ya karatasi nyembamba sana zinazobandikwa juu ya chuma, na hubandikwa upya kila baada ya miaka kadhaa.

Jumba hilo lilizaliwa na msiba. Tarehe 23 Aprili 1879 moto uliteketeza jumba lililotangulia, ambalo ndilo lililokuwa karibu chuo chote: madarasa, malazi, maktaba. Sorin alikuwa amekwisha kuwa mzee wa miaka 65. Alitangaza kwamba kitajengwa kikubwa zaidi, na mafundi wakafanya kazi majira yote ya joto hata wanafunzi wakaingia jumba jipya Septemba ya mwaka uleule. Matofali yake ya rangi ya manjano yalitokana na udongo wa chokaa wa maziwa ya hapohapo.

Mwenye chuo ni nani? Askofu, Vatikani, au serikali?

Hakuna hata mmoja kati ya hao, na hapa ndipo msomaji wa Afrika Mashariki anapaswa kutulia kidogo. Vyuo vyetu vingi vya Kikatoliki ni mali ya maaskofu kwa pamoja. SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino) ya Mwanza ni ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, Uganda Martyrs ya Nkozi ni ya maaskofu wa Uganda, na CUEA (Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki) ya Nairobi ni ya AMECEA, muungano wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki. Notre Dame ilitoka kwenye njia nyingine. Kwa miaka 125 ilikuwa mali ya shirika la watawa. Rais wa chuo, ambaye kwetu kazi yake ingekuwa ya Makamu Mkuu wa Chuo, alikuwa pia mkubwa wa nyumba ya watawa, na kwa kuwa sheria ya Kanisa ilimpa mkubwa wa nyumba miaka sita tu, kila baada ya miaka sita chuo kilibadilisha kiongozi, awe hodari au asiwe.

Padre Theodore Hesburgh aliingia madarakani mwaka 1952. Cheo cha rais kikatenganishwa na cha mkubwa wa nyumba, naye akabaki hadi 1987, miaka 35. Mwaka 1967 yeye na wakubwa wa shirika walifanya jambo ambalo wengi waliliona la hatari: shirika liliachia umiliki, na chuo kikakabidhiwa bodi ya wadhamini yenye walei wengi. Julai ya mwaka huohuo Hesburgh aliwaalika viongozi wa elimu ya Kikatoliki kwenye ardhi ya chuo huko Land O'Lakes, Wisconsin, wakatoa tamko kwamba chuo kikuu cha Kikatoliki, ili kiwe chuo kikuu kweli, lazima kijitawale na kiwe na uhuru wa kitaaluma mbele ya mamlaka yoyote ya nje, iwe ya walei au ya makleri. Tamko hilo linabishaniwa hadi leo. Wapo wanaosema lilivikomboa vyuo vya Kikatoliki Marekani, na wapo wanaosema liliwafungulia mlango waliotaka kuiacha imani.

Mimi naona Notre Dame iliokolewa na kile ilichokiandika kwenye katiba yake siku zilezile. Juu ya bodi kuna chombo kidogo cha watu 12, sita mapadre wa Msalaba Mtakatifu na sita walei, chenye kazi ya kulinda tabia ya Kikatoliki ya chuo. Rais lazima atoke miongoni mwa mapadre wa shirika hilo. Ndiyo kusema shirika halimiliki majengo, halisaini hundi, halichagui mitihani, lakini halikuondoka. Anayepanga kuanzisha au kurekebisha chuo cha Kanisa kwetu angefaidika zaidi kwa kusoma kifungu hicho cha katiba kuliko kutazama picha za kuba.

Kama walei ndio wengi kwenye bodi, Ukatoliki unaonekana wapi katika maisha ya kila siku?

Kwanza darasani. Kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza, awe wa uhandisi au wa uhasibu, lazima asome kozi mbili za teolojia, na falsafa pia imo kwenye masharti. Hizi si kozi za katekesimu. Zinasomwa kama somo la chuo, kwa kusoma Maandiko na mababu wa Kanisa na kuandika hoja.

Pili, na pengine zaidi, ni bwenini. Mwanafunzi hupangiwa bweni anapofika na anatakiwa kukaa kwenye mabweni ya chuo kwa mihula sita. Mabweni ni ya wanaume au ya wanawake, hayachanganywi. Kila bweni lina kikanisa chake na mlezi anayeishi humo, ambaye anaweza kuwa padre, mtawa au mlei. Mapadre wengine nao huishi kwenye vyumba vya mabweni pamoja na vijana. Misa ya jioni huadhimishwa bwenini, na wanafunzi huja na ndara zao. Wageni wa jinsia nyingine hutakiwa kuondoka saa sita usiku siku za wiki na saa nane usiku mwishoni mwa wiki. Vijana wa Marekani hulalamikia sana kanuni hiyo. Mzazi wa Moshi au Kisumu atashangaa kwamba ni huru kiasi hicho. Vyama vya udugu vya wanafunzi (fraternity na sorority), vilivyojaa vyuo vingine vya Marekani, Notre Dame havipo. Bweni ndilo linalofanya kazi ya ukoo: lina bendera yake, timu zake, sikukuu zake, na mtu aliyehitimu miaka 40 iliyopita bado atakutajia bweni lake kabla ya kukutajia kitivo.

Tatu ni sala za hiari. Nyuma ya Basilika ya Moyo Mtakatifu kuna groto iliyojengwa mwaka 1896 kwa mfano wa ile ya Lourdes. Usiku wa kuamkia mitihani mishumaa yake huwa haina nafasi.

Mimi si Mkatoliki. Naweza kusoma huko? Na Mwislamu je?

Ndiyo kwa wote wawili. Wakatoliki ni takriban asilimia 80 ya wanafunzi wa shahada ya kwanza, na kwenye shahada za juu mchanganyiko ni mkubwa zaidi. Hakuna anayelazimishwa kwenda misa. Kozi za teolojia huzikwepi, lakini unapewa alama kwa kuelewa na kuhoji, si kwa kuamini. Mwislamu wa Zanzibar au Mombasa anayezoea kuishi na watu wanaoichukulia sala kwa uzito huenda akajiona nyumbani zaidi hapo kuliko kwenye chuo ambacho dini haitajwi kabisa. Hayo ni maoni yangu, na nayasimamia.

Kwa nini kinaitwa chuo cha utafiti? Wanatafiti nini?

Marekani ina maelfu ya vyuo, lakini vyuo vya utafiti wa kiwango cha juu ni vichache: vile ambavyo profesa hutarajiwa kuzalisha maarifa mapya pamoja na kufundisha yaliyopo, na ambavyo hutoa shahada nyingi za uzamivu. Notre Dame imo katika daraja la juu. Mwaka 2023 ilikaribishwa kwenye AAU, muungano wa vyuo vikuu vinavyoongoza kwa utafiti Marekani na Kanada. Ndicho chuo pekee cha Kikatoliki kilichomo sasa, baada ya Catholic University of America, mmoja wa waasisi wa muungano, kujitoa mwaka 2002.

Lakini kazi yenyewe ilianza zamani. Padre Julius Nieuwland, aliyezaliwa Ubelgiji, alikuwa mtu wa mimea na kemia. Kwa miaka mingi alihangaika na gesi ya asetilini, ile ya kuchomelea vyuma, ambayo hulipuka mtu asipokuwa makini. Mwaka 1925 alitoa mada kwenye mkutano wa wanakemia, na mtaalamu wa kampuni ya DuPont aliyekuwa akimsikiliza akatambua kwamba padre huyu ameshika ufunguo wa mpira usiotoka kwenye mti. Kutokana na ushirikiano huo ikapatikana neoprini, ambayo leo iko kwenye mikanda ya injini, mabomba ya mafuta na mavazi ya wapiga mbizi. Nieuwland alikuwa ameweka nadhiri ya ufukara, hivyo malipo ya ugunduzi yalikwenda kwa wengine: shirika lake na chuo. Msaidizi wake mmoja wa maabara aliitwa Knute Rockne. Tutamrudia kwenye swali la mpira.

Maabara ya fizikia ya viini vya atomu imekuwa na mashine za kuongezea chembe kasi tangu miaka ya 1930. Mwaka 1986 ilianzishwa Taasisi ya Kroc ya masomo ya amani, kwa mchango wa Joan Kroc, mjane wa aliyeikuza McDonald's. Taasisi ya Medieval, ya mwaka 1946, ina sifa duniani kwa utafiti wa Ulaya ya zama za kati. Na kwenye malaria, kazi yao imefika hadi Kenya. Watafiti wa Notre Dame wameongoza mradi wa kupima vifaa vidogo vinavyoning'inizwa ndani ya nyumba na kutoa taratibu dawa ya kufukuza mbu. Sehemu ya majaribio hayo ilifanyika kaunti ya Busia kwa kushirikiana na KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya. Nyumba za Busia zina mianya juu ya kuta, mbu wake wameanza kuzoea dawa ya vyandarua, na watu hawalali saa moja jioni. Kifaa kinachofanya kazi hata mtu akiwa hajaingia kwenye neti kinajibu tatizo la kweli.

Kanisa haliwazuii watafiti?

Limewahi kumzuia mmoja, na habari yake inafaa kusimuliwa wazi. Padre John Zahm, profesa wa fizikia, alichapisha mwaka 1896 kitabu kilichosema kwamba nadharia ya mageuzi ya viumbe haipingani na imani ya Kikatoliki. Mwaka 1898 ofisi ya Vatikani iliyosimamia vitabu vilivyokatazwa ilikipiga marufuku, ingawa amri haikutangazwa hadharani. Zahm alitii, akasitisha usambazaji wa kitabu, akaendelea kutumikia shirika lake. Leo hoja aliyoitetea inafundishwa bila ubishi kwenye chuo kilekile, na bweni moja lilipewa jina lake.

Kwa sasa hakuna askofu anayepitia makala za watafiti. Mpaka uliopo ni wa kimaadili na umeandikwa: chuo hakifanyi utafiti unaoharibu viini-tete vya binadamu. Mwanabiolojia anayetaka kazi hiyo atakwenda kwingine. Hati ya Papa Yohane Paulo II ya mwaka 1990 kuhusu vyuo vikuu vya Kikatoliki nayo inataka mambo mawili yaende pamoja, uhuru wa kitaaluma na uaminifu kwa Kanisa, na mvutano kati ya hayo mawili huzua mjadala kila kizazi.

Mjadala wa namna gani? Kuna migogoro ya karibuni?

Ipo. Mkubwa ni wa Mei 2009, Rais Barack Obama alipoalikwa kuhutubia mahafali na kupewa shahada ya heshima. Kwa sababu ya msimamo wake juu ya utoaji mimba, maaskofu wengi walipinga, na askofu wa jimbo la Fort Wayne–South Bend, John D'Arcy, hakuhudhuria. Padre John Jenkins, rais wa chuo wakati huo, hakufuta mwaliko.

Mwingine unahusu kuta. Ndani ya Jumba Kuu kuna michoro 12 ya Christopher Columbus iliyochorwa na Luigi Gregori katika miaka ya 1880. Wakati huo ilikuwa njia ya wahamiaji Wakatoliki kusema kwamba nao ni Wamarekani halali. Kwa wenyeji wa asili ilikuwa picha ya watu wao wakiwa wamepiga magoti. Mwaka 2019 Jenkins alitangaza kwamba itafunikwa kwa vitambaa vinavyoweza kuondolewa, kwa kuwa imechorwa ukutani moja kwa moja na haihamishiki. Nilivutiwa na uamuzi huo kwa sababu haukuifuta historia, na haukumlazimisha mtu kupita chini yake kila siku.

Wanawake na Waafrika-Wamarekani walianza kupokelewa lini?

Chuo kilichelewa, na haifai kupamba. Mwanafunzi wa kwanza mweusi kuhitimu, Frazier Thompson, aliingia mwaka 1944 kupitia mpango wa mafunzo wa jeshi la majini na kuhitimu 1947. Wanawake wa shahada ya kwanza walipokelewa mwaka 1972. Kabla ya hapo walisoma ng'ambo ya barabara, Saint Mary's, chuo cha wasichana cha masista wa Msalaba Mtakatifu ambacho bado kipo na bado ni cha wasichana.

Hesburgh alisukuma yote mawili. Aliteuliwa kwenye Tume ya Haki za Kiraia ya Marekani ilipoundwa mwaka 1957, akawa mwenyekiti wake mwaka 1969, na Rais Nixon akamwondoa baada ya uchaguzi wa 1972 kwa kuikosoa serikali yake. Ipo picha ya Juni 1964 kwenye uwanja wa Soldier Field, Chicago, Hesburgh na Martin Luther King wameshikana mikono.

Mbona Wamarekani wakisikia Notre Dame wanafikiria mpira?

Mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti. Timu inaitwa Fighting Irish, yaani Waayalandi wapiganaji, na Rockne, yule wa maabara ya kemia, aliifundisha kuanzia 1918 hadi 1930, akafa kwenye ajali ya ndege Machi 1931. Wakati ule Wakatoliki walibaguliwa sana Marekani, na timu ya wana wa wahamiaji iliyowashinda wakubwa iliwapa Waayalandi, Wapolandi na Waitaliano wa mijini kitu cha kujivunia hata kama hawakuwahi kukanyaga Indiana. Tangu 1991 mechi za nyumbani huonyeshwa na televisheni ya NBC kwa mkataba wa chuo peke yake. Siku ya mechi misa huadhimishwa baada ya mchezo kwenye basilika na mabwenini.

Kuna uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Upo, na ni wa muda mrefu kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1958 wamisionari wa Msalaba Mtakatifu walifika magharibi mwa Uganda, wakiwa na Padre Vincent McCauley, mhitimu wa Notre Dame aliyekuwa ametumikia Bengal. Mwaka 1961 akawa askofu wa kwanza wa Fort Portal. Ndiye aliyeijenga AMECEA katika miaka yake ya mwanzo, kwanza kama mwenyekiti, halafu kama katibu mkuu akiishi Nairobi. Mchakato wa kumtangaza mtakatifu ulifunguliwa mwaka 2006. Shirika lipo hadi leo Fort Portal na Jinja, na Nairobi linahudumia parokia ya Dandora.

Padre Robert Dowd, rais wa Notre Dame tangu 2024, ni mtaalamu wa siasa za Afrika. Akiwa bado mseminari aliishi Kenya na Uganda, na utafiti wake unahusu jinsi dini, Ukristo na Uislamu, zinavyoathiri demokrasia kusini mwa Sahara. Alianzisha mpango wa utafiti wa maendeleo uliofanya kazi Dandora na Nnindye, karibu na Nkozi, pamoja na Chuo cha Uganda Martyrs. Ni mara chache sana chuo kikubwa cha Marekani kuongozwa na mtu anayeijua Dandora kwa miguu yake.

Kuna shule ya udaktari?

Hapana. Chuo Kikuu cha Indiana kina tawi la udaktari jirani kabisa, lakini ni chuo kingine. Notre Dame ina sanaa na fasihi, sayansi, uhandisi, biashara, usanifu majengo, masuala ya dunia, na sheria, ambayo ilianza mwaka 1869. Wanafunzi wa usanifu hukaa mwaka wao wa tatu Roma.

Gharama ni kiasi gani? Mtoto wa mkulima ana nafasi?

Ada, chakula na malazi kwa pamoja hupita dola 80,000 kwa mwaka. Usifunge ukurasa kwa sababu ya tarakimu hiyo. Septemba 2024 chuo kilitangaza kwamba maombi ya shahada ya kwanza yatapimwa bila kuangalia uwezo wa mwombaji kulipa, wageni wakiwemo, na kwamba msaada utatolewa bila mikopo. Zamani mwanafunzi wa kigeni aliyehitaji msaada alikuwa na nafasi finyu kuliko Mmarekani. Chuo kinaweza kufanya hivi kwa kuwa kina mfuko wa akiba wa zaidi ya dola bilioni 16, uliotokana na michango na faida ya uwekezaji.

Tatizo halisi ni ushindani. Hupokelewa takriban mmoja kati ya kumi. Kwa uzamivu hali ni tofauti: anayekubaliwa kwa kawaida hufutiwa ada na kulipwa posho ya kujikimu, hivyo mhadhiri msaidizi wa Dodoma au Eldoret asiwaze ada, awaze andiko la utafiti na profesa atakayemsimamia.

Ninaombaje?

Kwa shahada ya kwanza, maombi hutumwa kupitia Common Application, fomu moja ya mtandaoni inayotumiwa na vyuo vingi vya Marekani. Kuna duru ya mapema inayofungwa tarehe 1 Novemba na ya kawaida inayofungwa mwanzoni mwa Januari. Anza mwaka mmoja kabla. Utahitaji nakala za matokeo, insha, uthibitisho wa Kiingereza kama hukusoma kwa lugha hiyo, fomu za kipato cha familia, barua ya mwalimu aliyekufundisha na taarifa kutoka shuleni. Wazazi wengi huuliza kama barua ya paroko ni lazima. Si lazima. Mwalimu wa fizikia anayekumbuka siku uliyomuuliza swali asilokuwa na jibu lake atakusaidia zaidi, kwa hiyo mwombe mapema, mpe muda wa wiki kadhaa, na umwambie unataka kusoma nini na kwa nini.